Teknolojia: Neno lililoanzia darasani likaishia kiwandani

JUMAMOSI moja majuzi, kipakatalishi changu kiligoma kuwaka. Nilikibeba hadi Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kwenye kibanda cha fundi niliyeelekezwa na jirani. Fundi mwenyewe alikuwa ametoka kutafuta vipuri, basi nikahudumiwa na mwanagenzi wake, kijana wa miaka ishirini hivi. Alikifungua kifaa kwa bisibisi nyembamba kama sindano, akapuliza vumbi, akagusa hapa na pale kwa nyaya za kipimo chake, kisha akaniambia bila haraka: "Mwalimu, shida si betri. Stima inafika mpaka hapa, halafu inapotelea hapa." Akanionyesha mahali penyewe, padogo kama punje ya mtama.

Nikamsifu. Nikamwambia kwamba ana ujuzi mkubwa wa teknolojia. Kijana akacheka. "Aah, mwalimu, teknolojia ni ya wale wa chuo kikuu. Sisi huku ni mafundi tu."

Kufikia saa kumi kifaa kilikuwa kimepona. Nililipa, nikashukuru, nikaondoka. Lakini njia nzima nilikuwa nikilirudia lile neno lake la mwisho: tu. Mafundi tu.

Lilinigusa kwa sababu mimi ni mwana wa seremala. Nilipojiunga na kidato cha kwanza tulipewa fomu ya kujaza, na kwenye nafasi ya kazi ya mzazi nikaandika 'mfanyabiashara'. Baba hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa na randa, misumeno miwili, sanduku la patasi na penseli iliyokaa nyuma ya sikio lake mchana kutwa. Niliona haya kuandika 'fundi'. Fomu ilihitaji sahihi yake, kwa hivyo aliisoma. Aliitazama kwa muda, akatia sahihi, akanirudishia bila kusema neno.

Ndiposa wiki hii nimeonelea tulichunguze neno 'teknolojia': lilizaliwa wapi, lilimaanisha nini, na lilipitia njia gani hata likafika kwetu likiwa limepanda cheo kiasi cha kumfanya kijana mjuzi ajidharau. Huenda wengine mtashangaa, kwa maana historia ya neno hili inaturudisha kwetu sisi walimu wa lugha.

Hebu tuanze Ugiriki. Neno lenyewe limeundwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni 'techne', yaani ufundi, ustadi, au mbinu ya kufanya jambo kwa kufuata kanuni zinazoweza kufundishika. Kwa Wagiriki wa kale, kazi ya mfinyanzi ilikuwa 'techne', lakini pia ya tabibu, ya nahodha, na ya msemaji barazani. Sehemu ya pili ni 'logos', neno pana lenye maana ya kauli, hoja, maelezo. Ukiziunganisha unapata 'technologia': kuueleza ufundi kwa mpangilio.

Wanaisimu wa lugha za Kihindi-Kizungu wanaihusisha 'techne' na mzizi wa kale uliobeba maana ya kusuka, kufuma na kuunganisha mbao. Kutokana na mzizi huo Wagiriki walipata pia 'tekton', yaani seremala au mjenzi. Ndilo neno linalotumika katika Injili ya Marko, sura ya 6, pale watu wa kwao Yesu wanapouliza kama huyu si yule seremala tunayemjua. Nako kwa Warumi, mzizi uo huo ulizaa kitenzi 'texere', kufuma, ambacho kilizaa majina ya nguo za kufumwa na pia neno ambalo Wazungu hulitumia kwa kile sisi tunachokiita matini. Kwa hivyo seremala, mfumaji na mwandishi ni ndugu wa tumbo moja. Siku ile ya fomu sikulijua hilo.

Sasa, hiyo 'technologia' ilitumiwa na nani? Katika karne ya 4 KK, Aristotle aliandika kitabu kuhusu balagha, sanaa ya ushawishi. Humo alitumia kitenzi cha neno hili akiwazungumzia waandishi waliotangulia kutunga miongozo ya kuhutubu. Aliwalaumu kwa kueleza mambo ya pembeni, kama vile namna ya kuamsha hasira au huruma za mahakimu, huku wakiacha kiini cha hoja. Mwaka wa 54 KK, Mrumi Cicero alimwandikia rafiki yake Atticus barua kuhusu kitabu chake cha ufasaha, akalichomeka neno hilo la Kigiriki kueleza kwamba sehemu zilizofuatia za kitabu zilikuwa za mafunzo ya sanaa yenyewe.

Katikati ya hao wawili alikuwapo Dionysius Thrax, mwanasarufi wa karne ya 2 KK. Kitabu kidogo cha sarufi ya Kigiriki kinachohusishwa na jina lake kinaitwa 'Techne Grammatike'. Tungekitafsiri 'Ufundi wa Sarufi'. Humo maneno yamegawanywa katika aina nane. Nane! Mwanafunzi wa Kenya anayekariri nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi na wenzake hadi afikishe aina nane anafuata desturi ya kuhesabu yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, ingawa orodha yake na ile ya Wagiriki hazilingani neno kwa neno. Katika maandishi ya Wagiriki wa baadaye, 'technologia' lilitumika sana kwa maana hiyo hasa: uchambuzi wa sarufi kwa utaratibu.

Kwa ufupi, ukimwita mwalimu wa sarufi mwanateknolojia leo, watu watakucheka. Wagiriki wasingekucheka.

Neno lilipoingia katika Kiingereza mapema katika karne ya 17, lilikuwa bado lina maana ya mazungumzo au maandishi kuhusu sanaa na ufundi. Lilikuwa neno la wasomi wachache. Mtu angeweza kuandika teknolojia, lakini hangeweza kuinunua wala kuibeba.

Mabadiliko makubwa yalianzia Ujerumani. Mwaka wa 1777, Johann Beckmann, profesa katika Chuo Kikuu cha Göttingen, alichapisha kitabu alichokiita 'Anleitung zur Technologie', yaani mwongozo wa teknolojia. Beckmann aliwafundisha vijana waliotarajiwa kuwa maafisa wa serikali. Aliona kwamba afisa hawezi kusimamia wala kutoza ushuru kazi asiyoielewa, kwa hivyo aliwapeleka wanafunzi wake kwenye karakana wakajionee wenyewe. Kwake, teknolojia ilikuwa somo: elimu ya jinsi malighafi inavyogeuzwa kuwa bidhaa, ikielezwa hatua kwa hatua. Kumbuka, mafundi wenyewe walikuwapo karne na karne. Jipya lilikuwa kuyaeleza waliyoyafanya ili mtu wa nje aelewe.

Huko Marekani, daktari na mtaalamu wa mimea aitwaye Jacob Bigelow, aliyekuwa amefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mihadhara yake mwaka wa 1829 kwa jina 'Elements of Technology'. Neno lilikuwa geni kiasi kwamba kitabu kilipotolewa upya mwaka wa 1840, kilibadilishwa jina kikazungumzia 'sanaa zenye manufaa', jina ambalo watu walikuwa wamelizoea. Lakini neno lilikuwa limeshapata mlango. Mwaka wa 1861, chuo kilichoanzishwa katika jimbo la Massachusetts kilijiita taasisi ya teknolojia, na hadi leo kinajulikana ulimwenguni kote kwa herufi zake tatu, MIT.

Hatua ya mwisho ilikuja katika karne ya 20. Wajerumani walikuwa na maneno mawili: 'Technik', kwa zana na kazi zenyewe, na 'Technologie', kwa elimu inayozihusu. Wasomi wa Marekani, akiwemo mwanauchumi Thorstein Veblen, walipokuwa wakiyaleta mawazo ya Wajerumani kuhusu 'Technik' katika Kiingereza, walilitumia neno lile lile 'technology'. Hapo maana mbili zikachanganyikana. Taratibu, jina la maelezo likawa jina la vitu vinavyoelezwa.

Ili uone ugeni wa mabadiliko hayo, hebu chukua neno ndugu yake, 'biolojia'. Biolojia ni elimu ya viumbe hai. Je, umewahi kumsikia mtu akisema, "Nimeona biolojia tatu zikila nyasi kando ya barabara"? Hasha! Tungemshika mkono tumpeleke akapumzike. Lakini tunasema bila kusita kwamba 'teknolojia mpya imewasili bandarini', tukiwa na maana ya makasha yaliyojaa mashine, na hakuna anayeshtuka.

Neno hili lilitufikia kupitia Kiingereza likiwa tayari na maana hiyo ya mashine. Kiswahili kililipokea kwa njia zake. Kwa kuwa lugha yetu hupenda silabi wazi, wapo waliopachika irabu wakasema na kuandika 'tekinolojia', na tahajia hiyo ingali hai. Humu nchini 'teknolojia' ndiyo iliyoshika zaidi katika magazeti na vitabu vya kiada. Baadaye neno likakatwa vipande ili kuundia mengine: wenzetu wa Tanzania wanasema TEHAMA kwa teknolojia ya habari na mawasiliano, sisi Wakenya tukasema TEKNOHAMA. Neno likikubali kukatwakatwa namna hiyo, jua limekuwa mwenyeji.

Swali ni hili: kabla ya mgeni huyu kubisha hodi, nyumba ilikuwa tupu? Mara nyingi nimewasikia watu, hata walimu, wakidai kwamba Kiswahili hakikuwa na neno la teknolojia na kwa hivyo hakiwezi kubeba sayansi. Tuwajibu kwa utulivu.

Lugha yetu ina kitenzi 'funda'. Kufunda ni kumpa mtu mafunzo, hasa ya namna ya kuishi na kutenda. Mwari hufundwa na kungwi. Kutokana na mzizi huo tunapata fundisha, funza, funzo, mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi. Wajuao sarufi wataona jinsi sauti 'd' inavyogeuka 'z', kama vile penda inavyozaa mpenzi na linda inavyozaa mlinzi. Katika ukoo huo huo yumo fundi, na kwa fundi tukapata ufundi. Wahenga waliposema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, walitumia neno la ukoo wa karakana.

Wazungu wa mwanzo waliokusanya maneno yetu waliliona jambo hili. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka wa 1870, alimweleza fundi kuwa ni mfanyakazi stadi na pia mwalimu wa kazi za mikono. Zingatia sehemu hiyo ya pili. Fundi hakuwa mtu wa kutengeneza kitu kisha akanyamaza. Alikuwa na wanagenzi waliomzunguka na alitarajiwa kuwafunza.

Nilikuwa mmoja wao nyakati za likizo. Baba hakumruhusu mtu kushika kifaa kabla ya kulijua jina lake. "Niletee juba," angesema, na ukimletea patasi ya kawaida alikurudisha bila kukaripia. Juba hutoboa mbao ili ulimi wa nyingine uingie. Patasi hulainisha na kukwangua. Timazi huonyesha kama nguzo imesimama wima. Pimamaji huonyesha kama ubao umelala sawa, na jina lake linakueleza kazi yake hata kabla hujaishika. Kwanza jina, kisha maelezo, halafu mkono. Wagiriki wangeiita 'technologia'. Baba aliiita kazi.

Tena, ufundi hauko peke yake. Kiarabu kilitupa 'sanaa', ambalo huko kwao lilihusu kazi za mikono na hadi leo neno la mzizi huo ndilo linalotumika kwa viwanda. Sisi tumelielekeza zaidi kwa uchoraji, maigizo na fasihi. Kiarabu kilitupa pia 'uhandisi', kutokana na neno la jiometri ambalo asili yake ni Kiajemi, lenye wazo la kupima. Kiajemi ndicho kilichozaa 'karakana', nyumba ya kazi. Wareno walituachia 'parafujo' na 'bomba'. Kwa hivyo mtu anayesema mgeni aliikuta nyumba tupu hajaingia ndani akatazama.

Kama nyumba haikuwa tupu, mbona basi yule kijana alisema 'mafundi tu'?

Jibu langu ni kwamba tumeyagawanya maneno kwa matabaka. Ufundi tumewapa walio juani, teknolojia tumewapa walio ofisini. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, nia mojawapo ilikuwa kumpa mtoto stadi za mikono, na baadhi yenu mnakumbuka vikapu mlivyosuka na vigoda mlivyovipigilia misumari vikakataa kusimama. Lakini machoni pa wazazi wengi, masomo hayo yalionekana kama ya yule ambaye hesabu zimemshinda. Baadaye mengi yalipunguzwa. Taasisi iliyofunguliwa jijini Nairobi mwaka wa 1961 kwa jina la Kenya Polytechnic sasa ni chuo kikuu cha kiufundi, tangu mwaka wa 2013. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, sikiliza mazungumzo ya mitaani: mtoto akiambiwa aende chuo cha ufundi, jirani husikitika naye. Akiambiwa anaenda kusomea teknolojia, jirani humpongeza. Huenda watoto hao wawili wakafunzwa kutumia kipimo kile kile cha umeme.

Hasara ya kumtenga fundi na maelezo si ya hisia peke yake. Chukua mtepe. Karne nyingi zilizopita, mafundi wa pwani yetu walijua kuunda chombo cha baharini bila msumari hata mmoja. Walitoboa mbao kando kando, wakazishona kwa kamba za makumbi ya nazi, wakatundika tanga la mkeka. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, uitwao 'Periplus', unataja mashua za kushonwa katika upande huu wa bahari. Visiwa vya Lamu, hasa miongoni mwa Wabajuni, vilisifika kwa mitepe. Lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mtepe wa mwisho uliacha kusafiri, na wajuzi wake wakafariki mmoja mmoja. Waliotaka baadaye kuelewa mtepe ulivyoundwa walilazimika kutegemea picha za zamani na vielelezo vidogo vilivyowekwa katika makumbusho. Mafundi walikuwapo. Maelezo hayakuandikwa wakati wao.

Katiba yetu ya 2010 iliona haja hii. Kifungu cha 11 kinaitaka serikali itambue mchango wa sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tukivisoma pamoja, tunaona kazi iliyo mbele yetu: ujuzi wa watu wetu uelezwe, na uelezwe kwa lugha ambayo wenye ujuzi huo wanaielewa.

Hapa sharti nijikosoe na kuwakosoa wenzangu wa taaluma hii. Tumetumia miaka mingi kubishana kuhusu majina. Je, ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Ni simu ya mkononi au rununu? Ni televisheni au runinga? Sikatai, istilahi ni muhimu, na mimi mwenyewe sikuona haya kuandika 'kipakatalishi' hapo juu. Lakini kukipa kifaa jina ni hatua ya kwanza tu ya yale mafunzo ya baba. Vimebaki wapi vitabu vya Kiswahili vinavyomweleza kijana wa Luthuli kwa nini stima inapotea pale inapopotelea? Tumeleta jina, tukasahau maelezo. Tumeshughulikia 'tekno' tukaiacha 'lojia'.

Tunajua inawezekana. Huduma ya M-Pesa ilipoanza humu nchini mwezi wa Machi 2007, ilikuja na jina ambalo nusu yake ni neno tulilokuwa nalo tangu zamani, pesa, ambalo nalo lilitoka kwa 'paisa' ya India. Tuma, toa, salio, wakala, nambari ya siri: nyanya yangu kijijini hakuhitaji kamusi ya maneno haya. Sisemi kwamba lugha peke yake ndiyo iliyoieneza huduma ile, kwa sababu watu walikuwa na haja ya kweli ya kutumiana fedha. Ninachosema ni kwamba aliyetaka kumweleza jirani jinsi inavyofanya kazi alikuwa na maneno ya kumweleza.

Najua msomaji makini atanipinga. Rafiki yangu mmoja, mwanaisimu kama mimi, aliisoma rasimu ya makala haya akaniambia: "Ndugu, asili ya neno si sheria. Maneno hubadilika." Kweli kabisa. Lile neno 'stima' alilolitumia yule kijana lilitokana na Kiingereza, likahusu mvuke na meli zilizoendeshwa kwa mvuke. Leo Mkenya akisema stima zimepotea, hakuna anayekimbilia bandarini. Anatafuta mshumaa. Siwezi kumlazimisha mtu alitumie 'teknolojia' jinsi alivyolitumia Cicero, na sitaki.

Hoja yangu ni tofauti. Maana ya zamani haitupi amri, lakini inatukumbusha jambo ambalo maana ya sasa imelificha. Tukidhani kwamba teknolojia ni mashine, tutaamini kwamba nchi iliyonunua mashine imepata teknolojia. Mashine ikiharibika, tutaagiza nyingine, au tutamsubiri mtaalamu apande ndege aje aitengeneze. Lakini tukikumbuka kwamba neno lilianza likiwa maelezo ya ufundi, tutauliza maswali mengine. Nani hapa anaweza kuieleza mashine hii? Anaieleza kwa lugha gani? Na nani anamsikiliza?

Juzi nilirudi Barabara ya Luthuli, safari hii bila kifaa kibovu. Nilikuwa na daftari. Nilimwomba yule kijana anieleze tena, polepole, safari ya stima kutoka kwenye chaja hadi kwenye skrini, nami nikaandika kama alivyosema. Mwanzoni alidhani namtania. Kisha akavuta kigoda, akaanza. Alikuwa na maneno yake: mengine ya Kiingereza yaliyovishwa kanzu ya Kiswahili, mengine ya Sheng', na mengine aliyoyatoa kwa mwajiri wake ambayo sijayaona katika kamusi yoyote. Tulijaza kurasa nne. Alipomaliza aliniuliza, "Sasa haya yote ni ya nini, mwalimu?" Nikamwambia kwamba haya ndiyo teknolojia. Hakucheka. Aliomba alione daftari, akalisoma, akanisahihisha mahali pawili.

Walimu wenzangu, muhula huu mnapotafuta mada ya insha, waambieni wanafunzi wamtafute fundi mmoja karibu na nyumbani, awe mshonaji, muashi au msusi, waandike kwa Kiswahili jinsi kazi moja anavyoifanya, mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba asiyeijua aweze kuijaribu. Mtapata istilahi ambazo hakuna kamati iliyowahi kuziketia. Na huenda mtoto mmoja darasani atamwandika mzazi wake.

Fomu yangu ya kidato cha kwanza imekwisha kupotea, na baba hayupo tena wa kuitia sahihi. Basi niliweke sawa hapa, mbele yenu wasomaji: baba yangu alikuwa fundi seremala.